Bambo

Saa mbili na dakika nne. Umeme wa Ligula umerudi
ukaniachia feni inayokohoa.
Nimeandika swali, nimelituma, nimenyamaza:
"Sampuli ni nini? Msininakilie slaidi."

Waliomo ni thelathini na mmoja. Orodha yangu ina hamsini na saba.
Naona jina la Zuhura Mnonjela, kisha neno "anaandika",
kisha hakuna neno.
"Anaandika."
Hakuna.
Darasani kimya cha namna hii hukifukuza kwa chaki:
nahesabu moja, mbili, namtaja Festo wa mstari wa mbele,
na Festo, Mungu amjalie, hakosi.

Hapa siwezi kumtaja Festo. Yaani naweza,
kidole kimeshafika kwenye F,
lakini nimekikalia. Kweli kabisa, nimeikalia mikono yote miwili
kama mtoto aliyekatazwa sukari.

Ndipo akaingia mtu ambaye sauti yake siijui.
Likwata, A. Usajili unaoishia na sifuri tisa.
Hukaa kwenye dirisha lisilofungika,
na nikiita majina hunyoosha mkono, basi.
Akaandika vipande vipande, kama apandaye ngazi na mzigo:

"mwl mi nitasema ya kwetu Kitangari"
"msimu wa mnada nilikuwa kibarua ghalani"
"mpima ubora hafungui gunia"
"anachoma bambo ubavuni zinamwagika korosho chache kiganjani"
"anazikata anaziangalia"
"kwa hizo tu gunia zima linaitwa daraja la kwanza au la pili"
"hizo za kiganjani ndo sampuli"

Vikaja vidole gumba, vikaja vicheko.
Zuhura akaandika, safari hii hakufuta:
"sasa mbona siku zote kimya"
Hilo hakulijibu. Akaongeza:

"ila mjomba alikuwa anajua bambo litachomwa wapi"
"nzuri anaziweka hapo"
"mbovu anazilaza chini"

Wiki mbili nimefundisha upendeleo wa sampuli
kwa mishale ya rangi ukutani,
na huyu kaumaliza kwa mjomba mmoja mjanja.

Nilitaka kuandika "vizuri sana". Likanichoma, ubavuni hasa.
Miaka sita nauliza mstari wa mbele,
napata majibu makavu, yanayolia ukiyatikisa,
najaza fomu ya muhula: darasa limeelewa.
Gunia sijawahi kulimwaga.

Wala sisemi leo nimelimwaga.
Ishirini na sita hawamo. Kuna waliokatikiwa na bando,
kuna mwenye simu ya dada, na dada yuko zamu hospitali,
na Somoe Nambunga aliniambia mapema kwamba kwao Nanyamba
mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja,
na kichuguu kina foleni.
Hili nalo ni bambo tu, refu kidogo.

Saa tatu nikafunga. Wakaagana kwa maua na mioyo,
Festo akauliza kama itatoka kwenye mtihani.
Pembeni, mahali wanapoona wawili tu, Likwata akaniandikia:
"mdomo wangu una kona nyingi mwl
vidole vinanyooka"

Nikaanza kumjibu. Nikafuta. Nikaanza.
Huko aliko alikuwa ananiona "anaandika",
anaona hakuna, anaona "anaandika",
na sikujua kama naye ameikalia mikono.
Mwishoni nilituma neno moja, "Nimesikia",
neno la ajabu kwa kitu kilichosomwa.

Saa nane na robo usiku simu ikatikisika mezani.
Somoe:
"shkamoo mwl samahani kwa kuchelewa
ndo zamu yangu imefika
mjadala bado upo?"

Feni ilikuwa imezimika, umeme umeondoka tena.
Asilimia kumi na moja za chaji.
Nikaketi.

"Upo. Nakusubiri."

Anaandika.